Somo: Namna ya kufuatilia Olimpiki ya Los Angeles 2028 ukiwa sebuleni kwako Arusha

Ndugu wanachama, Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles itafunguliwa tarehe 14 Julai 2028 na kufungwa tarehe 30 Julai, na kwa sisi tulioko Arusha na Moshi itakuwa michezo ya kukesha. Ile ya Paris ya mwaka 2024 ilitudekeza, kwa kuwa tulipishana na Paris saa moja tu na fainali nyingi za riadha zilitukuta tukimaliza chakula cha jioni. Los Angeles mwezi Julai inakuwa nyuma yetu kwa saa kumi kamili. Somo hili nimeliandika kwa mpenzi wa riadha, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu. Wa kuogelea na wa judo wataokota humo kitakachowafaa.

Hatua ya kwanza: Saa

Kanuni ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua saa ya Los Angeles kama ilivyoandikwa kwenye ratiba yao, ongeza nne, umepata saa ya Kiswahili. Ikiandikwa 5:00 ya jioni, tano na nne ni tisa, basi kwetu ni saa tisa usiku. Ikiandikwa 9:00 ya asubuhi, tisa na nne ni kumi na tatu, toa kumi na mbili, inabaki saa moja, nayo ni saa moja jioni ya siku hiyo hiyo. Siri yake ni kwamba tunawatangulia kwa saa kumi, lakini hesabu yetu ya Kiswahili iko nyuma ya hesabu ya kizungu kwa saa sita, na kumi ukitoa sita ni nne.

Kinachowaponza watu ni tarehe. Shindano lolote linaloanza kwao kuanzia 2:00 ya mchana, kwetu limekwisha kuingia siku inayofuata, kwa hiyo fainali ya Jumamosi jioni ya Los Angeles utaikesha usiku wa kuamkia Jumapili. Mimi huandika kila kitu kwenye kaunta buku, tarehe yetu upande wa kushoto kwa kalamu nyekundu, na sitazami tena ratiba yao.

Hatua ya pili: Umeme na king'amuzi

Lipia kifurushi mapema na uhakikishe mwenyewe, kwa macho, kwamba chaneli inayoonyesha michezo inafunguka. Halafu nunua umeme. Agosti 2021 marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Tokyo, iliyokimbiwa Sapporo, ilianza saa saba usiku kwa saa zetu. Nilikuwa na chai kwenye chupa, nina karanga, nimejifunika shuka la Kimasai na kofia ya sufu kichwani, nikajiona nimekamilika. Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa ikilia ukutani tangu jioni nami nikaipuuza. Ilipofika saa nane na robo nyumba nzima ikawa giza, na simu yangu haikuwa na salio la kununulia hata yuniti tano. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alimaliza wa saba, nami nikaja kuyajua asubuhi kutoka kwa muuza maziwa.

Hatua ya tatu: Watu wa nyumbani

Kubalianeni mapema kuhusu rimoti, hasa kwa saa za jioni ambazo zina tamthilia zake. Julai ya Arusha ina baridi, kwa hiyo weka blanketi sebuleni kabla watu hawajalala, la sivyo utaamsha nyumba ukilitafuta kabatini. Simu iweke mbali. Picha ya intaneti huchelewa kuliko ya king'amuzi, na ukitazama kwa intaneti, jumbe za marafiki zitakufikishia matokeo wakati wakimbiaji wako bado wana mita mia mbili mbele yao.

Hatua ya nne: Kuzitazama mbio zenyewe

Mtu anayesubiri medali peke yake huona sekunde kumi za mwisho na kukosa mbio nzima. Chukua mita 5,000, ambazo ni mizunguko kumi na mbili na nusu. Tumia saa ya simu kupima kila mzunguko, ukibonyeza kiongozi anapopita mstari wa kumalizia. Wastani wa sekunde 64 kwa mzunguko hutoa dakika 13 na sekunde 20, na huo ndio takriban mwendo ambao Mtanzania mwenzetu Suleiman Nyambui aliukimbia kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alipopata medali ya fedha nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, wakipishana kwa muda usiofika sekunde moja. Ukiona mizunguko inakwenda kwa sekunde 67 au 68, jua kwamba wenye kasi ya mwisho wanafurahi na hakuna atakayechujwa hadi kengele ya mzunguko wa mwisho ilie. Ikishuka hadi 62, acha kumtazama kiongozi, uhesabu waliobaki nyuma yake.

Katika michezo hiyo hiyo ya Moscow, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alifanya kinyume kabisa katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliondoka mbele kwa mwendo mkali na kuwaacha wenzake mbali, hadi mzunguko wa mwisho ambapo Bronisław Malinowski wa Poland alimpita, naye Bayi akabaki na medali ya fedha. Wako wanaosema alikosea hesabu. Mimi naona alikimbia kama alivyokimbia siku zote, maana mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliongoza tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500.

Marathoni usiizime kwenye kilomita ya thelathini. Septemba 2025, katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo, Simbu alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa uwanjani, kwa tofauti ya sekunde 0.03, huku wengi wetu tukiwa usingizini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Majengo, Moshi: Shikamoo mwalimu. Kwenye michujo naona wengine wamewekewa Q kubwa na wengine q ndogo. Tofauti ni nini?

Marahaba. Q kubwa ni aliyefuzu kwa nafasi aliyomaliza, na q ndogo ni aliyefuzu kwa muda wake baada ya michujo yote kulinganishwa. Ndiyo maana mwenye matumaini ya q ndogo hukaa pembeni akiutazama mchujo wa wenzake kwa wasiwasi. Ukiona DNF, huyo alianza asimalize. DNS hakuanza kabisa.

Mwanachama wa Sakina: Baba alitusimulia kuwa Bayi alinyimwa Olimpiki ya 1976. Nani alimnyima?

Hakunyimwa yeye binafsi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizosusia Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na New Zealand ikaruhusiwa kushiriki. Mita 1,500 zikachukuliwa na John Walker, Mnyuzilandi ambaye Bayi alimshinda Christchurch.

Mwanachama wa Ngaramtoni: Nina watoto wa shule ya msingi. Wao watazame nini?

Vipindi vya asubuhi vya Los Angeles, ambavyo kwetu vitaanza jioni. Humo kuna michujo mingi, na mtoto hufurahia mchujo sawasawa na fainali, pengine zaidi, kwa kuwa watu wanaanguka na kuinuka bila ya sisi wakubwa kununa.

Mwanachama wa Kijenge: Je, niamke alfajiri kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi?

Amka, ila usiharakishe. Itafanyika kwao jioni ya tarehe 14, yaani kwetu tayari ni tarehe 15. Ugiriki hutangulia, wenyeji hufunga msafara, na mataifa mengine karibu yote hufuata alfabeti ya lugha ya wenyeji, kwa hiyo Tanzania itaonekana kuelekea mwishoni. Bandika maji ya chai jikoni wanapopita wa herufi S.