Taimulapsi ya machweo Nairobi: jua letu halingoji mtu

Mafunzo mengi ya taimulapsi (picha nyingi zilizopigwa kwa mfuatano na kuunganishwa kuwa video iendayo kasi) yaliyoko mtandaoni yametengenezwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na kwao yanafanya kazi vizuri. Jua la London mwezi Juni huteremka kwa mshazari, na hata likishatua bado unabaki na zaidi ya dakika 40 za mwanga wa kutumia. Sisi tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua linashuka karibu wima, na tangu lizame hadi giza lianze kushika ni dakika 21 au 22, iwe Januari au Julai. Ukifuata mipangilio yao utashtukia umeachwa ukipapasa vitufe gizani.

Mimi hela yangu hutoka kwa kupiga picha za harusi na ruracio, sherehe za mahari za Wakikuyu. Taimulapsi ni ya roho, na nyingi huzipiga juu ya paa la ploti, jengo la nyumba za kupanga, huku mtaa wa Umoja, mashariki mwa jiji, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, lenzi ikitazama mjini.

Anza na kalenda. Novemba mwanzoni jua linatua mapema, kama saa kumi na mbili na dakika 20 jioni. Februari linakawia hadi karibu saa moja kasorobo. Mwelekeo nao unahama: karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba linatua magharibi kamili, ambako kutoka kwangu ni nyuma ya maghorofa ya mjini. Desemba linasogea kusini hadi upande wa vilima vya Ngong, na Juni linakwenda kaskazini. Miezi ya Juni hadi Agosti sijisumbui sana, maana lile wingu la kijivu linaweza kufunika jiji kutwa nzima. Januari anga ni safi mno, jua linatua tu bila mbwembwe. Jioni ninazozitafuta ni zile za mvua za vuli au baada ya masika, mvua imenyesha mchana ikaosha vumbi, na mawingu yamebaki vipande vipande.

Sasa kamera. Weka M, yaani kila kitu kwa mkono. Piga RAW (faili ghafi ambayo kamera haijaichakata), ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, na apacha, yaani tundu la lenzi, f/8. Mizani ya rangi nyeupe (white balance) iweke kwenye alama ya jua au 5500 K na usiiguse tena; ukiiacha otomatiki, kamera itaona wekundu wa jioni kama kosa na kuanza kuusahihisha, picha moja ya bluu, inayofuata ya manjano. Fokasi ilenge jengo la mbali, KICC kwa mfano, kisha zima otomatiki. Zima pia kitulizaji cha mtikisiko kama kamera iko kwenye stendi, na kile kipunguza chembe cha picha zinazochukua muda mrefu (long exposure noise reduction), kwa sababu kinaifanya kamera ikae kimya muda uleule ilioutumia kupiga, na mpangilio wako wote unavurugika.

Mwanya kati ya picha na picha: sekunde 4. Wengi watakuambia 8 au 10, lakini hapa jua linasogea upana wake mzima kwa dakika mbili, na kwa sekunde 10 utapata picha 12 tu katika muda huo. Kwenye video ya picha 25 kwa sekunde, hiyo ni chini ya nusu sekunde. Jua litaonekana limeangushwa. Kwa sekunde 4, saa moja inakupa picha 900, sawa na video ya sekunde 36. Kamera yenye faili za RAW za megabaiti 25 itakula gigabaiti 22 na zaidi, kwa hiyo kadi ya 64 ndiyo ya kubeba, pamoja na betri iliyojaa.

Nusu saa kabla ya machweo, jua likiwa bado kali, shata yangu, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, huwa karibu 1/500 ya sekunde. Linapogusa majengo niko 1/60 hivi. Mwishoni, taa za magari zikiwa ndizo zinazotawala, nahitaji mwanga sawa na sekunde 4 kwenye ISO 100. Kutoka 1/60 hadi hapo ni stopu 8 hivi (stopu moja ni mwanga kuzidi maradufu au kupungua nusu), zote ndani ya zile dakika ishirini na kitu. Ukigawanya unapata theluthi moja ya stopu kila dakika, yaani kusogeza gurudumu la kamera hatua moja. Dakika za mwanzo unaweza kuchelewesha kidogo, lakini za mwisho zinakimbia. Tazama histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga, si picha iliyo kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kwa sababu kioo kikiwa gizani kinang'aa na kukudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha.

Usivuke sekunde 2 za shata. Ukifika hapo panda ISO: 125, 160, 200, hata 400. Kamera inahitaji nafasi ya kuandika faili kabla ya picha inayofuata. Na ukisikia shata imefunga, una sekunde mbili za kuzungusha gurudumu, kwa kidole kimoja, bila kushika mwili wa kamera.

Apacha ndiyo usiichezee. Lenzi za kisasa hufunga vile visu vyake upya kila picha, na havirudi palepale kabisa. Tofauti ni ndogo, ila kwenye video inaonekana kama taa ya stima inayokufa. Ikizidi, fungua lenzi hadi mwisho, f/2.8 au f/4, maana visu vikiwa wazi kabisa havina pa kukosea. Ukiifungua hivyo, jua likiwa bado kali utahitaji kichujio cheusi cha ND cha kupunguza mwanga. Hicho kichujio si cha kulinda macho, usichungulie jua kwenye kitundu cha kamera, tumia kioo.

Hatua zile za theluthi zitaonekana kama ngazi kwenye video. Programu ya kompyuta iitwayo LRTimelapse inazilainisha, na kwa kazi hiyo sijaona sababu ya kutafuta programu nyingine.

Kwenye stendi ning'iniza kidumu cha maji cha lita tano katikati, kiguse sakafu kidogo kisibembee. Upepo wa ghorofani ni mwingi, lakini adui mkubwa ni majirani. "Mama Brayo, naomba dakika kumi tu, usivute hiyo kamba." "Na mvua ikininyeshea nguo, utazifua wewe?" Tangu hapo nasimama mbali na nguzo za kamba, na msimamizi wa ploti naye namwambia mapema, kwa sababu mtu na stendi juu ya paa jioni huzua maswali.

Macheo ni kazi hiyohiyo kinyumenyume, na ngumu zaidi, kwa kuwa hujui mawingu yako wapi. Fika dakika 40 kabla. Lenga fokasi kwenye taa nyekundu za juu ya majengo, anza na ISO 800 na sekunde 2, kisha punguza ISO kwanza, shata baadaye. Kaa daima nusu stopu gizani kuliko unavyotamani, maana jua likichomoza upande wa Embakasi, anga iliyoungua hairudishwi na programu yoyote. Julai pangusa umande kwenye lenzi katikati ya picha na picha, na kitambaa kiwe mfukoni, kisiwe ndani ya begi.