Namna ya Kuandaa Safari ya Mafunzo ya Wanafunzi na Walezi Wao: Kutoka Mbeya Hadi Kimondo cha Mbozi

Waandaaji wa programu za ulezi, zile zinazowakutanisha wanafunzi wa sekondari na watu wenye taaluma, mara nyingi hutamani kuona kila kitu kwa siku moja. Ratiba hujazwa Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na Kimondo cha Mbozi, na jioni inapofika wanafunzi wamezungumza na walezi wao kwa dakika chache tu. Kwa kundi linalotoka Mbeya, nashauri mchague sehemu moja, na Kimondo kinatosha kabisa.

Wiki moja kabla ya safari, walezi wakutane na wanafunzi na kuwapa maelezo machache: kwamba kimondo hicho kiko Mkoa wa Songwe, kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na urefu wa mita 3 hivi, na sehemu yake kubwa ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Kisha waachiwe swali la kwenda nalo: kama kilianguka kutoka angani, mbona hakuna shimo kubwa mahali pale? Wa fizikia atafikiria kasi na nishati, wa jiografia atafikiria mmomonyoko wa miaka mingi, na wa historia atataka kujua wenyeji walikielezaje kabla hakijafahamika kwa wageni mwaka 1930.

Idhini ya mkuu wa shule na ya mzazi ipatikane kwa maandishi, na fomu ya mzazi itaje dawa, mzio, pumu au selimundu. Wawepo matroni na patroni, na mlezi asikae faraghani na mwanafunzi mmoja. Kuhusu mchango wa nauli, nasisitiza sana kwamba asiyeweza kulipa agharimiwe kimyakimya kupitia kwa mwalimu, jina lake lisisomwe mbele ya wenzake.

Barabara ya Tunduma ina malori mengi yaendayo Zambia, hivyo ondokeni asubuhi na mrejee kabla ya giza. Epukeni miezi ya masika. Mkienda Juni au Julai, kila mmoja abebe sweta.

Mkifika, gawanyeni wanafunzi katika makundi ya watano, kila kundi na mlezi wake, na muombe robo saa kabla mwongoza wageni hajaanza kueleza. Wachore umbo la kimondo, wapime kwa futi kamba bila kukikwangua, na watazame jinsi udongo ulivyochimbwa pembeni kikabaki kimekaa juu ya msingi. Wasimamizi wakiruhusu, mlezi atoe sumaku ndogo amkabidhi mwanafunzi mmoja. Ikinasa kwenye kitu ambacho wengi walidhani ni jiwe la kawaida, maswali yatakuja yenyewe, na hapo ndipo mwongoza wageni aitwe.

Chakula cha mchana kiliwe kwa makundi yaleyale. Huo ndio wakati wa mlezi kueleza alivyochagua tahasusi yake, masomo yaliyomshinda, na kazi yake ya kila siku ilivyo, huku akisikiliza zaidi ya anavyosema. Ndani ya basi pia walezi wakae katikati ya wanafunzi, si viti vya mbele.

Ndani ya wiki moja baada ya kurejea, kila kundi liandike ukurasa mmoja wenye mchoro, vipimo na jibu lake kuhusu shimo, usomwe mstarini, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule.