Namna ya kupokea mtaa mpya wa nyumba kutoka kwa mjenzi

Ugomvi mwingi unaozuka katika mitaa mipya kuhusu ada, maji, maegesho na usafi huonekana kuwa ni wa jirani na jirani, lakini ukiufuatilia hadi chanzo chake utakuta kuna kitu ambacho mjenzi alipaswa kukikabidhi na hakukikabidhi, au alikikabidhi bila mtu yeyote kukikagua. Pampu ya maji inaharibika, kamati inatangaza mchango wa dharura, baadhi ya wakazi wanakataa kulipa kwa kuwa wanaamini pampu bado ni mzigo wa mjenzi, na hati ya dhamana ambayo ingemaliza mabishano hayo kwa dakika tano haipo mikononi mwa yeyote. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya chama cha wakazi hufanyika kabla na mara tu baada ya makabidhiano, wakati mjenzi bado anajali jina lake na bado ana mafundi karibu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kuna makabidhiano ya aina mbili. Mnunuzi anapopokea funguo na kutia saini, anapokea nyumba yake peke yake. Paa, ngazi, lifti, matangi, barabara za ndani, mifereji na taa za nje ni mali ya pamoja, na hupokelewa na chama kwa hati yake tofauti. Wajenzi wengine huacha tofauti hii ififie, na baadaye hudai kwamba kila kitu kilipokelewa siku wakazi walipohamia. Chama kijulikane kisheria mapema iwezekanavyo, kwa utaratibu wa nchi husika, kwa sababu kikundi kisichosajiliwa kitapata taabu kufungua akaunti ya benki, kuingia mikataba au kumdai mtu mahakamani.

Kabla ya saini yoyote, kamati idai nyaraka. Iliyo muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni michoro inayoonyesha jengo kama lilivyojengwa kweli, hasa njia za mabomba na nyaya zilizopita chini ya ardhi, maana fundi asiye na mchoro huo atachimbua ua mzima akitafuta bomba moja lililopasuka. Zifuate hati za dhamana za lifti, pampu, jenereta na kizuia maji cha paa, vyeti vya ukaguzi wa lifti na vifaa vya zimamoto, kibali cha kukaliwa kwa jengo, mikataba ya walinzi na wasafishaji, bima, orodha ya wamiliki, na hesabu ya fedha zote ambazo mjenzi aliwatoza wanunuzi mapema kwa ajili ya huduma. Msisahau nywila za kamera, geti na mitambo ya lifti, kwani kampuni ya matengenezo inayozishikilia peke yake inaweza kuwafanya mshindwe kuhamia kwa fundi mwingine.

Ukaguzi wenyewe ufanywe na mhandisi ambaye chama kimemtafuta na kumlipa, kamwe si yule aliyependekezwa na mjenzi. Hata hivyo, yapo majaribio ambayo wakazi wanaweza kuyashuhudia kwa macho yao. Paa bapa hujaribiwa kwa kuziba mifereji yake na kulijaza maji ya kina cha sentimita chache kwa angalau saa 24, huku dari za chini zikiangaliwa kama zinaanza kulowa. Mhandisi athibitishe kwanza kwamba paa linaweza kubeba uzito huo, kwa kuwa sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Uvujaji wa chini ya ardhi hugunduliwa usiku: funga vali za kuingiza maji kwenye nyumba na matangi, soma mita kuu, kisha isome tena alfajiri kabla hazijafunguliwa. Mshale ukiwa umesogea, maji yanapotea mahali fulani kati ya mita na vali hizo, na bila kurekebisha hilo mtatupiana lawama kila bili inapofika. Jenereta iwashwe ikiwa imebeba mzigo wake halisi, lifti na pampu zikiwa zinafanya kazi, kwa sababu jenereta inayonguruma bila mzigo haijathibitisha chochote.

Kuhusu nyufa, si zote zinazotisha. Zile nyembamba kama unywele kwenye plasta hutokana mara nyingi na plasta kusinyaa inapokauka. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, au unaozidi kupanuka, ndio unaohitaji mhandisi. Weka alama za penseli kwenye ncha zake, andika tarehe pembeni, upige picha ukiwa na rula, na urudie kila mwezi. Kumbukumbu hiyo ina uzito kuliko malalamiko ya wakazi ishirini.

Kila kasoro iandikwe kwa barua yenye mahali, tarehe, picha na muda wa kurekebisha, na mjenzi asaini nakala kuthibitisha ameipokea. Ujumbe uliotumwa kwenye kundi la simu unaweza kukataliwa kwamba si taarifa rasmi. Mikataba mingi humpa mjenzi wajibu wa kurekebisha kasoro kwa miezi 12, lakini soma mkataba wenu, kwa sababu muda huo huweza kuanza kuhesabiwa tangu cheti cha kukamilika kwa ujenzi, yaani muda mrefu kabla ya mkazi wa kwanza kuhamia. Ukaguzi wa mwisho ufanyike miezi miwili kabla ya muda kwisha.

Fedha ndizo zinazovunja vyama vingi. Ada iliyotangazwa wakati wa mauzo mara nyingi huwa ndogo, kwa kuwa iliwekwa kuvutia wanunuzi na kwa kuwa vifaa vilikuwa vipya na bado chini ya dhamana. Mwaka wa pili gharama halisi hujitokeza, ada hupanda, na kamati isiyo na hatia huonekana kula fedha. Dawa yake ni kamati kuandaa bajeti yake tangu mwanzo, kuisoma mbele ya mkutano mkuu, na kutenga mfuko wa akiba katika akaunti tofauti. Hesabu ya mfuko huo si ngumu: chukua gharama ya kubadilisha kifaa, gawanya kwa miaka iliyobaki ya uhai wake, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya bei kupanda. Lifti inaweza kudumu miaka 20 hadi 25, pampu hudumu muda mfupi zaidi, na asiyeweka akiba leo anamwachia deni atakayenunua nyumba kesho.

Suala la nyumba ambazo hazijauzwa lisipuuzwe. Mjenzi ni mmiliki wa nyumba hizo, kwa hiyo, isipokuwa sheria au mkataba useme vinginevyo, naye anapaswa kuzilipia ada kama wengine. Wakati huohuo nyumba hizo humpa kura, na mjenzi mwenye kura nyingi anaweza kuipa kampuni yake mwenyewe mkataba mrefu wa usimamizi. Katiba ya chama izuie mtu kupigia kura mkataba anaonufaika nao, idai nukuu tatu za bei kwa kazi kubwa, na iweke watia saini wawili wa benki wasio wa familia moja. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kila mwezi mahali ambapo hata mpangaji ataisoma.

Mjenzi akikataa kurekebisha, endeleeni kwa hatua: barua ya pili yenye ripoti ya mhandisi, usuluhishi kama mkataba unautaja, kisha wakili. Wakazi wasigome kulipa ada ili kumshinikiza, maana mlinzi na msafishaji ndio watakaokosa mshahara. Na msikimbilie kurekebisha kasoro wenyewe kabla ya kumpa taarifa na nafasi, kwani mnaweza kupoteza haki ya kumdai. Panapokuwa na hatari kwa watu, fanyeni matengenezo ya muda tu, mkipiga picha kabla na baada, mkihifadhi vipande vilivyoharibika pamoja na risiti zote.