Namna ya Kuchonga Chambo cha Mti Kinachoogelea Bila Kupinduka

Chambo cha mti kinacholala ubavu kikivutwa majini hakimdanganyi samaki, hata kiwe kimepakwa rangi za kupendeza namna gani. Wengi wanaoanza kazi hii hudhani kwamba uzito husawazishwa mwishoni kwa kuongeza risasi, ile metali nzito, hapa na pale. Kwa kweli usawa huo huanza ndani ya kipande cha mti kabla kisu hakijakigusa, na kazi yote inayofuata ni ya kuulinda usipotee.

Chagua mti mwepesi, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo. Balsa huelea kwa nguvu na kutikisika vizuri, lakini hubonyea upesi kwenye meno ya samaki. Mwerezi ni mzito kidogo zaidi ila huvumilia, nao ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza. Kata kipande chenye pembe za mraba, urefu wa sentimita 10, kimo cha milimita 22 na unene wa milimita 16. Kisha choma pini katikati kabisa ya kila ncha na ukiegemeze kipande juu ya kingo mbili nyembamba, kama mshikaki juu ya jiko, ili kiweze kuzunguka chenyewe. Upande mzito utashuka chini. Kizungushe mara kadhaa: ikiwa upande ule ule mwembamba ndio unaoshuka kila mara, uwekee alama, kwa kuwa huo ndio utakaokuwa tumbo. Ikiwa upande unaoshuka ni mmoja wa zile mbavu mbili pana, kiweke kando na ukate kingine, maana uzito huo wa ubavuni utakusumbua hadi mwisho.

Chora mstari wa kati kuzunguka kipande chote: mgongoni, puani, tumboni na mkiani. Chora pia umbo la samaki kwenye mbavu zote mbili kwa kiolezo kimoja cha karatasi ngumu. Sasa, kipande kikiwa bado cha mraba, toboa matundu ya waya na ukate mfuo wa ulimi, yaani kile kibamba cha plastiki ngumu kitakachokaa chini ya pua na kukifanya chambo kizame na kutikisika. Sisitizo hili nalitoa kwa sababu nililipa gharama yake: niliwahi kuchonga chambo kizima kwanza, nikakata mfuo baadaye juu ya kidevu kilichokwisha kuviringwa, msumeno ukaenda mshazari kwa milimita moja tu, na chambo kile hakikuwahi kunyooka hata siku moja. Ulimi uliosimama karibu wima hukiweka chambo karibu na uso wa maji. Ulimi unaolala kufuata mstari wa mwili hukipeleka chini zaidi.

Kuchonga kwenyewe si kugumu. Ondoa mti kidogo kidogo, mara nne upande huu na mara nne upande ule, bila kuufuta mstari wa kati, kisha lainisha kwa msasa wa namba 120 na umalizie na 220. Kitazame kutoka puani chini ya mwanga mkali. Jicho hugundua haraka ubavu ulionenepa kuliko mwenzake. Pitisha waya wa chuma kisichoshika kutu, gundisha ulimi, na upake vanishi nyepesi mara mbili ili mti usinywe maji.

Hapo ndipo hesabu ya risasi inapofanyika. Weka chombo cha maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha uzamishe chambo chote kwa sindano nyembamba bila kugusa kuta wala kitako cha chombo. Gramu zitakazoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa na mwili huo. Tuseme ni gramu 20, na chambo pamoja na ulimi, waya na ndoana kina uzito wa gramu 13, huku rangi na vanishi za mwisho zikikadiriwa kuwa gramu 1.5. Zimebaki gramu 5.5 kabla hakijaning'inia ndani ya maji bila kuelea wala kuzama. Kwa chambo cha kuelea, gramu 3 hivi zinatosha.

Usitoboe bado. Funga ndoana zote mahali pake, kisha ufunge risasi tumboni kwa mpira mwembamba na ukiweke chambo kwenye beseni. Sogeza risasi mbele na nyuma hadi mgongo ukae sambamba na uso wa maji, au mkia ushuke kidogo tu. Kilaze ubavu kwa kidole na ukiachilie: kinapaswa kujiinua mara moja. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyeanza kuchonga vyambo vyake mwaka 1936, aliiga mwendo wa samaki mdogo anayeyumba, na kuyumba huko hupatikana pale risasi inapokaa chini tumboni bila kuzidi.

Ukisharidhika, toboa tundu kwenye mstari wa kati mahali hapo hapo, utie vipande vya risasi baridi na uzibe kwa gundi ya epoksi. Risasi ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, unawe mikono, wala usiiyeyushe ndani ya mti, kwani unyevu mdogo tu unaweza kuirusha usoni. Paka rangi, kisha epoksi ya juu, na ukizungushe chambo polepole hadi igande; ikiachwa ijikusanye ubavu mmoja, usawa wote umeharibika.

Mwisho kivute majini kwa mwendo wa kawaida. Kikienda kushoto, kishike pua ikikuelekea na upinde kitanzi cha waya cha puani, kile kinachofungwa mshipi, kuelekea kulia kwa koleo, kiasi kidogo kisichozidi unene wa waya, kisha ukivute tena kabla ya kuongeza.