Kuzunguka ziwa la Albufera kwa baiskeli ya resi: njia, upepo na msimu

Kama uko Valencia, Hispania, na una baiskeli ya resi au umekodi, wikendi ya kwanza achana na habari za kutafuta milima. Teremka kusini kama kilomita 10 hivi unakutana na Albufera, ziwa la kama hekta 2,800 ambalo kina chake ni kama mita moja tu sehemu kubwa, limetenganishwa na bahari na ukanda mwembamba wa mchanga wenye misonobari unaoitwa Devesa. Eneo zima limekuwa hifadhi ya asili tangu 1986, linafika kama hekta 21,000, na sehemu kubwa ya hizo ni mashamba ya mpunga sio maji ya ziwa lenyewe. Hilo la mpunga lishike, maana ndo linaloamua utapita wapi na lini.

Sasa watu wakisikia ni tambarare wanadhani ni mteremko wa bure. Ngoja upepo uanze. Huku mlima wako ni upepo, na tofauti na mlima wa kweli huu hauna kilele, unakukaba kilomita 15 mfululizo na mbele unaona barabara imenyooka tu. Kwa iyo kabla hujaangalia ramani angalia upepo unatoka wapi. Siku ya kawaida ya joto asubuhi kunakuwa kumetulia, alafu kuanzia mchana upepo wa bahari unaingia kutoka mashariki. Siku nyingine unavuma wa nchi kavu kutoka magharibi, wenyeji wanauita poniente, huo ni mkavu, una joto kali wakati wa kiangazi, na unakuja kwa mapigo mapigo, unaweza kukusogeza katikati ya barabara bila kutaka.

Ndo maana mzunguko napendekeza uuanze na pwani, bahari ikiwa kushoto kwako. Toka mjini kupitia bustani ya Túria, ile iliyokuwa mkondo wa mto kabla hawajauhamisha kwa sababu ya mafuriko ya 1957, tokea kwenye yale majengo meupe ya Ciutat de les Arts i les Ciències, fuata njia ya baiskeli kwenda Pinedo mpaka El Saler. Hapa usikimbize, kuna watu wanatembea na watoto na mbwa. Baada ya El Saler unashika barabara ya CV-500 kwenda kusini na misonobari inakukinga upepo vizuri. Mbele kidogo kuna mlango wa maji wa Gola de Pujol, simama hapo upande wa ziwa, uko kulia kwako kwa iyo huna haja ya kuvuka barabara. Milango ya namna hii ipo mitatu, mingine ni Perellonet na Perelló, na ndo inayopandisha na kushusha maji ya ziwa kulingana na mahitaji ya mashamba. Yaani ziwa linafunguliwa na kufungwa.

Ukitaka kuchepuka kwenda El Palmar ni kulia, kijiji cha zamani cha wavuvi katikati ya maji na mpunga, kimejaa migahawa ya paella na mchuzi wa mkunga wanaouita all i pebre. Jumapili mchana magari ya kwenda kula huko ni mengi na barabara ni nyembamba, nenda mapema au siku ya kazi. La sivyo nyoosha mpaka El Perelló, hapo umeshatembea kama kilomita 25 toka mjini, alafu kata kulia kuingia bara kuelekea Sueca. Hapa misonobari imekwisha, ni wazi kabisa, na kama umetoka kwa wakati basi upepo wa bahari ndo unaanza na unakusukuma mgongoni. Raha yake hiyo! Njiani hapo shambani kuna kilima kinaitwa Muntanyeta dels Sants, hakifiki hata mita 30 na juu kina kikanisa, lakini kwa jinsi kulivyo bapa ukipanda pale unaona hifadhi yote mpaka baharini.

Toka Sueca unarudi kaskazini kupitia Sollana na Silla mpaka mjini, upepo wa bahari sasa unakupiga ubavuni upande wa kulia, sio mbaya sana. Mzunguko wote ni kati ya kilomita 65 na 75 inategemea umechepuka wapi. Nisikudanganye, upande huu wa magharibi hauna uzuri wa pwani: kuna viwanda, vipilefti vingi na malori, na V-31 ni barabara ya magari ya kasi, baiskeli usiingize. Siku ya poniente mzunguko huu sikushauri, nenda mpaka El Perelló na urudi njia ile ile chini ya misonobari inatosha. Mwenye miguu anaweza kushuka zaidi mpaka Cullera, kule kuna kilima cha kweli chenye ngome juu yake kama unataka mapafu yafanye kazi.

Kuna wanaopita vijia vya katikati ya mpunga ili kukwepa barabara kubwa. Ni vizuri mno ila chunguza kwanza. Vingine ni lami nyembamba au zege, vingine vinaanza lami vinaisha kokoto bila taarifa, na tairi za milimita 25 pale utajuta, angalau 28 na upunguze upepo kidogo. Trekta likija mbele yako shuka simama pembeni, mwenye shamba ndo mwenye njia. Angalia matope yaliyodondoka kwenye magurudumu ya trekta hasa kwenye kona, yakiwa makavu hayana shida, yakiwa mabichi yanateleza kama sabuni na pembeni yako ni mfereji. Upande wa Catarroja na Massanassa ndo maji ya mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 yalikopita kuingia ziwani, kwa iyo vijia vya huko usiviamini kwa ramani ya zamani ya simu, uliza wenyeji au fuata barabara kuu.

Msimu nao. Mwezi wa tano wanajaza maji na kupanda, Juni mpaka Agosti kila kitu kijani na mbu wa jioni sio wa mchezo, funga mdomo ukiwa mbio. Septemba ni kuvuna, mashine kubwa zinaingia barabarani na vumbi lake. Vuli kuna siku mabua yanachomwa na moshi unalala barabarani, ukiona hivo geuza. Alafu kuanzia kama Novemba mashamba yanajazwa maji tena na hapo ndo mimi naona ni wakati bora kuliko wote, unaendesha juu ya tuta na pande zote mbili ni maji, yangeyange wamejipanga kwenye kingo, na ukiwa na bahati unaona heroe. Kasoro yake ni wawindaji wa bata, msimu huo kuna siku za kupiga risasi mashambani na ukikuta njia imezuiwa usibishane. Februari na Machi maji yakitolewa ni matope tupu.

Sheria za Hispania kwa kifupi. Helmeti ni lazima ukiwa nje ya mji. Gari linalokupita linatakiwa likuachie mita 1.5 na wengi wanaheshimu. Kuendesha wawili sambamba inaruhusiwa, ila pasipoonekana vizuri pangeni mstari. Spika za masikioni marufuku, na pombe unapimwa kama dereva, nasema hivi kwa sababu kile kikahawa chao cha cremaet wanachokunywa baada ya mkate wa saa nne kina ramu ndani. Sisi tuliozoea kushoto, kule ni kulia: kipilefti unakizunguka kinyume cha mshale wa saa na unampisha aliyeko ndani anayetokea kushoto kwako. Mkiwa kundi na wa kwanza ameshaingia, kundi zima lina haki ya kupita, lakini hakikisha dereva anajua hilo kabla hujamtegemea. Baiskeli ya kukodi ijaribu breki ukiwa bado mlangoni, za huko mara nyingi mkono wa kushoto ndo breki ya mbele.

Beba tyubu mbili, pampu na maji ya kutosha, kati ya El Perelló na Sueca kivuli hakuna. Ukichoka au upepo ukigeuka, kuna treni ya Cercanías laini C-1 inayosimama Cullera, Sueca, Sollana, Silla na Catarroja kurudi mjini, baiskeli inapanda ila muda wa watu kutoka kazini behewa linajaa. Na ukifika tu, suuza baiskeli kwa maji baridi, kausha mnyororo na utie mafuta siku hiyo hiyo, chumvi ya pwani ikilala na matope ya mpunga mnyororo unaanza kulia kesho yake.