Utunzaji wa vichupa vya dawa na chanjo za sindano kwa mifugo

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Njoro, Molo au Bahati hutumia fedha nyingi kununua dawa za sindano, na si mara chache dawa hiyo huharibikia mikononi mwake kabla haijamfikia mnyama. Kichupa cha kioo, pamoja na kizibo chake cha mpira kilichobanwa kwa pete ya alumini, huizuia dawa isiingiwe na vijidudu, na sehemu iliyo dhaifu zaidi ni kizibo.

Dukani, hakikisha kwamba pete imekaza, kizibo hakina tundu, na lebo inasomeka hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Usikubali dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au iliyokwisha kuvutwa ndani ya bomba la sindano, hata kama bei ni nafuu, kwani huwezi kujua ilitoka katika kichupa gani wala kilifunguliwa lini. Oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, hutiwa katika kioo cha kahawia kwa kuwa mwanga huiharibu, kwa hiyo dirisha la zizi si mahali pa kuiweka.

Chanjo zinadai uangalifu mkubwa zaidi. Nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na anayetoka Kisumu mjini kwenda Ahero juani huku kichupa kimo mfukoni asishangae mifugo ikiugua baada ya kuchanjwa. Kasha la barafu ni la lazima. Hata hivyo, chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo haitakiwi kuganda, kwa hiyo ifunge kwa gazeti isigusane na barafu. Ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Baadhi ya chanjo hai, yaani zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ile ya ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe, huja zikiwa zimekaushwa, na hewa ndani ya kichupa mara nyingi huwa imeondolewa. Sindano yenye maji ya kuchanganyia inapotoboa kizibo, maji huvutwa ndani yenyewe bila kusukumwa. Yasipovutwa, huenda hewa ilikwisha kuingia. Weka kichupa kando na umuulize daktari wa mifugo. Ukishachanganya, itumie ndani ya muda ulioandikwa kwenye lebo, usiweke masalio hadi kesho, na usioshe bomba kwa dawa ya kuua vijidudu, kwani mabaki yake huua chanjo hai.

Kwa kichupa cha dozi nyingi, futa kizibo kwa spiriti, usubiri kikauke, kisha uvute dawa kwa sindano safi. Sindano iliyokwisha kumchoma ng'ombe isirudi kichupani, na isiachwe imechomekwa kwenye kizibo usiku kucha, desturi ambayo kwa maoni yangu huharibu dawa nyingi kuliko joto. Andika tarehe ya kufungua. Lebo nyingi huruhusu siku 28 tu, na nyingine siku chache kuliko hizo.

Vichupa vitupu visitiwe chumvi wala kupewa watoto wavichezee. Vya chanjo hai, hasa ya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, ambayo humwambukiza mtu akijichoma, virudishwe pamoja na sindano zake kwa daktari aliyechanja ili aviteketeze.