Somo: Siku ya kwanza ya autokrosi ukiwa na Miata isiyoongezwa kitu

Wakuu, tangu nitupie picha ya kigari changu chekundu kikiwa na namba ya selotepu ya bluu mlangoni, PM za kuulizia autokrosi hazikauki. Nimeona bora niandike mara moja, wote msome.

Kwa mgeni: autokrosi ya huku Marekani huchezwa kwenye eneo pana la lami, mara nyingi paking ya uwanja au njia ya ndege isiyotumika. Zinapangwa koni za rangi ya chungwa, gari moja linaingia kwa wakati wake, mpinzani ni saa. Chama kikubwa ni SCCA (Sports Car Club of America) na mchezo wanauita Solo. Raundi moja kwa kawaida haifiki dakika moja, mara nyingine inaizidi kidogo, na kwa siku unapata raundi chache tu, nne au tano hivi.

Gari langu ni Mazda MX-5 Miata ya toleo la kwanza, lile lililozinduliwa Chicago mwaka 1989. Injini lita 1.6, nguvu farasi 116, uzito tani moja kasoro. Usinunue kitu. Narudia, usinunue kitu! Magari yasiyobadilishwa yana madaraja yao yanaitwa Street, ambako unaruhusiwa shokapu, pedi za breki na vitu vichache tu, na matairi yasiwe laini kupita namba 200 ya uchakavu iliyoandikwa ubavuni. Ukianza kuvalisha gari mapambo ya injini unahamishiwa daraja la watu waliokubuhu, wakuache mbali.

Usiku wa kuamkia. Toa kila kitu: kapeti, chupa za maji, jeki, tairi la akiba, miwani, sarafu za kwenye kisanduku cha mlango. Chupa ikibingirika chini ya pedali ya breki hutakuwa na muda wa kuinama. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, kiasi kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Halafu kagua betri. Kwenye Miata hii betri iko kwenye buti. Mimi sikuikagua. Mkaguzi aliishika kwa vidole viwili, akaitikisa, ikacheza kama jino bovu. Akaniangalia tu. Nikazunguka paking nzima kuazima spana namba 10, ile ambayo hakuna fundi duniani anayejua yake iko wapi.

Asubuhi. Wahi. Unajiandikisha, unabandika namba na herufi za daraja, unapita ukaguzi. Helmeti iwe na stika ya Snell ndani (hao ni wapima usalama wa helmeti), aina ya M, ya pikipiki, au SA, ya magari ya mashindano. Yenye alama ya DOT (ya wizara ya uchukuzi ya Marekani) peke yake hawaipokei. Usikimbilie kununua, klabu nyingi huwa na za kuazima. Ila kama una kichwa kikubwa kama changu, wahi zaidi.

Kutembea njia. Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa, na hapa ndipo wageni wanapopiga soga. Tembea mara tatu. Ya kwanza tembea na watu, cheka nao, ujue tu njia inapita wapi. Ya pili nenda peke yako. Koni iliyolala chini ni mshale: ncha yake inakuonyesha koni iliyosimama upite upande gani. Ya tatu, kila baada ya hatua kadhaa chuchumaa mpaka macho yawe kwenye kimo cha kiti cha gari. Utashtuka. Ukiwa umesimama unaona barabara, ukichuchumaa unaona msitu wa chungwa. Mimi sikuchuchumaa, na raundi yangu ya kwanza nilipotea. Nilipita geti (nafasi kati ya koni mbili) lisilo langu nikatokea karibu na meza ya watunza saa, wakanipungia mkono. Kwenye ubao: DNF, yaani hakumaliza.

Kariri vipande, usikariri koni. "Geti, kushoto ndefu, slalomu ya koni tano, breki, kulia ya kujikunja, mwisho." Slalomu ni koni za mstari mmoja unazopita kwa kupinda kushoto, kulia, kushoto. Funga macho uiendeshe kichwani. Ukikwama mahali, rudi ukapatembee tena.

Upepo. Pima matairi yakiwa baridi. Kiwanda kinasema psi 26 kwa Miata hii. Mimi huanzia 30. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye kashata za tairi kushuka ubavuni. Ukirudi, tazama chaki imefutika mpaka wapi. Imefutika mpaka ubavuni, tairi linalala, ongeza. Haijaguswa hata begani, punguza.

Kwenye mstari. Sogeza kiti karibu kuliko ulivyozoea, goti libaki limekunjika hata klachi ikiwa chini kabisa. Ondoka kwa gia ya kwanza, ingiza ya pili, halafu usahau gia. Ya pili inakufikisha kama kilomita 90 kwa saa, inatosha.

Sasa macho. Mkono hufuata jicho. Ukiitazama koni utaigonga, hilo halina mganga. Kwenye slalomu, ukiwa ya kwanza tazama ya tatu. Geuza usukani mapema, kabla hujaifikia koni. Mgeni huanza kugeuza akiwa tayari amefika, kila koni inamchelewesha zaidi, ya tano anaikanyaga. Breki funga ukiwa umenyooka. Ukiingia kona na mwendo mwingi pua itagoma kuingia, na kuongeza usukani hakusaidii kitu: legeza mafuta kidogo, tairi zishike tena. Ila usiachie mafuta ghafla katikati ya kona, mkia wa Miata utakupita.

Kuokota koni. Kila dereva lazima afanye kazi uwanjani wakati kundi jingine linakimbia. Usinung'unike. Simama kwenye kona iliyokushinda uangalie wenye Miata kama yako wanaanza kufunga breki wapi. Mimi hapo nilijifunza kuliko kwenye raundi zangu zote nne.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikiigusa koni kidogo tu nahesabiwa?
Kila koni ina mraba wa chaki chini yake. Ikianguka, au ikitoka nje ya mraba wote, sekunde 2 zinaongezwa. Ikisogea lakini bado inagusa mraba na imesimama, uko salama. Za kulala hazihesabiwi. Ukikuta koni imeangushwa na aliyetangulia, simama, ioneshe kwa kidole, utapewa raundi nyingine. Ukipita umekubali.

Mimi nina IST, automatiki. Nije au mtanicheka?
Njoo, mkuu. IST iliuzwa huku kwa jina la Scion xA. Automatiki iweke gia ya chini isikubadilikie katikati ya kona. Kinachokataliwa ni magari yenye kimo kirefu na membamba yanayoweza kupinduka. Na kuna hesabu inaitwa PAX: muda wako unazidishwa kwa namba ya daraja lako, ndipo unalinganishwa na mwenye Corvette.

Sisi Nairobi autokrosi ni vumbi, mbona yenu ni lami?
Jina moja, michezo miwili. Ya Kenya inafanana zaidi na mbio za rali: udongo, gari linaserereka, breki mapema zaidi. Miata ya chini hivi ingeacha bampa huko.

Kaka, mimi na mume wangu tuna gari moja. Tunaweza kushiriki wote?
Ndiyo dada, ni jambo la kawaida, mnapokezana. Kuna hata madaraja ya wanawake ukipenda. Beba bomba la maji la kupulizia: gari la madereva wawili matairi hayapati muda wa kupoa, na wa pili atalalamika kwamba wa kwanza kamwachia matairi ya moto.

Bima inalipa nikiharibu gari?
Bima nyingi za kawaida zinatenga mashindano ya kupimwa muda. Soma ya kwako kabla hujajiandikisha, usiisome ukiwa umesimama juu ya ukingo wa paking.